Barua ya wazi kwa wenye dhamana ya maji: msinunue utando wa kuchujia maji kwa sababu ya asilimia 99

Waheshimiwa,

Nawaandikia ninyi mnaosimamia maji ya umma, mnaogawa fedha za utafiti na mnaotia saini mikataba ya mitambo ya kusafishia maji. Mimi ni mkemia wa maabara ya maji. Kwa miaka mingi kazi yangu imekuwa kupima metali nzito zenye sumu, yaani risasi, kadimiamu, aseniki na zebaki, kwenye chupa za maji ninazoletewa, na kuandika namba ambazo mara nyingi aliyeleta chupa hafurahii kuzisoma.

Naanza na chupa moja. Shule moja, ambayo sitaitaja, ilifungiwa vichujio vyenye tando, yaani ngozi nyembamba zenye vitundu vidogo mno vya kupitisha maji, zilizorekebishwa ili zinase risasi. Siku ya uzinduzi maji yalipimwa, yakawa safi, cheti kikatundikwa ukutani. Miezi tisa baadaye mwalimu akaniletea sampuli mbili: ya maji yanayoingia kwenye kichujio na ya maji yanayotoka. Yaliyotoka yalikuwa na risasi nyingi kuliko yaliyoingia. Nilidhani lebo za chupa zimepishana. Nikaomba sampuli nyingine, safari hii nikatoa chupa mwenyewe, zilizooshwa kwa asidi, na kila sampuli nikaitia asidi ya nitriki kidogo ili risasi isijibandike kwenye plastiki ikanipotosha. Majibu yakawa yale yale.

Hakuna aliyeghushi kitu. Utando ulikuwa umejaa. Kila nafasi ya kunasia risasi ilikuwa imeshakaliwa, kisha maji ya chanzo yakabadilika, yakaja na asidi zaidi kidogo, na utando ukaanza kuachia ulichokuwa umekusanya kwa miezi yote ile. Watoto wakawa wanakunywa akiba ya risasi iliyowekwa na kifaa kilichonunuliwa kuwakinga. Wazazi waliokuwa wakiwafungia watoto maji kutoka nyumbani waliacha kufanya hivyo baada ya kuona cheti kile. Hilo ndilo linaloninyima usingizi hadi leo.

Ombi langu ni moja. Kabla hamjalipia utando wowote unaosemekana kunasa metali nzito, daini upimwe kwa maji yale yale utakayoyachuja, usiku na mchana, mpaka ushindwe. Mjue unashindwa lini, unashindwaje, na metali iliyonaswa inakwenda wapi. Kisha matokeo hayo yawekwe mahali ambapo kila anayekunywa maji hayo anaweza kuyasoma.

Naomba mnivumilie nieleze utando wenyewe, kwa sababu maamuzi mengi mabaya niliyoyaona yametokana na kuufikiria kuwa ni chekeche tu. Utando wa ultrafiltresheni, ule unaozuia bakteria na virusi wengi, una vitundu vyenye upana wa nanomita 10 hivi, na mara nyingi zaidi ya hapo. Ioni ya risasi, yaani chembe yake yenye chaji ya umeme iliyoyeyuka majini, hata ukiihesabu pamoja na molekuli za maji zinazoizunguka, ina upana wa takribani nanomita 0.8. Kuizuia kwa utando wa namna hiyo ni kutega dagaa kwa jarife. Osmosisi kinyume, yaani kuyasukuma maji kwa nguvu yapite kwenye utando unaozuia hata chumvi, inaweza kuizuia vizuri. Karibu na mwaka 1960 watafiti Sidney Loeb na Srinivasa Sourirajan walitengeneza utando wa selulosi asetati uliofanya njia hiyo iwezekane kibiashara, na miaka ya 1970 John Cadotte akaleta tabaka jembamba sana la poliamidi ambalo mitambo mingi inalitumia mpaka sasa. Lakini osmosisi kinyume inataka shinikizo kubwa, maana yake umeme mwingi, na inaondoa pia madini ambayo hatuna ugomvi nayo.

Ndipo lilipozaliwa wazo la kurekebisha tando. Unachukua utando wenye vitundu vikubwa, unaopitisha maji kwa shinikizo dogo, unaupa kemia ya kuishika metali inapopita. Nikiri kwamba ni wazo zuri mno. Wapo wanaopachika kwenye polima vikundi vya atomi viitwavyo amini au kaboksili, ambavyo huishika ioni ya risasi au shaba kama kucha. Wapo wanaopachika vikundi vyenye salfa kwa ajili ya zebaki, kwa kuwa viwili hivyo vinapendana kiasi kwamba katika miaka ya 1830 mkemia wa Denmark, William Zeise, alipopata misombo ya jamii hiyo aliiita merkaptani, kutokana na maneno ya Kilatini yenye maana ya kinachokamata zebaki. Wengine huchanganya ndani ya utando chembe za oksidi ya chuma au za grafini oksidi. Mwaka 2007 watafiti walionyesha jinsi ya kupaka karibu kitu chochote tabaka la polidopamini, kwa kuiga gundi ambayo kome hujishikizia mwambani hata mawimbi yakipiga, na tabaka hilo limekuwa msingi wa kupachikia vikundi vingine. Mwaka 2016 watafiti wa chuo cha ETH mjini Zürich walitumia nyuzi zilizotokana na protini ya maziwa, wakazichanganya na kaboni amilifu, wakapata utando unaonasa metali nzito za aina kadhaa. Nikisoma kazi kama hizi moyo wangu hufurahi. Sitaki mtu yeyote aichukue barua hii akaitumia kuwanyima fedha watu hawa.

Tatizo linaanza pale namba iliyopatikana kwenye bika ya maabara inapogeuzwa kuwa ahadi kwa umma.

Chukueni hii asilimia 99 inayoandikwa kwenye kila kijarida cha mauzo. Majaribio mengi hufanywa kwa maji yaliyosafishwa kabisa, kisha yakatiwa metali moja peke yake, mara nyingi kwa kiwango cha miligramu 50 au 100 kwa lita. Utando ukiondoa asilimia 99 ya miligramu 100, kinachobaki ni miligramu 1, yaani mikrogramu 1,000 kwa lita. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa risasi ni mikrogramu 10. Kwa hiyo utando uliopata alama 99 umetoa maji yenye risasi mara 100 ya kiwango hicho. Na mwongozo wenyewe ni wa muda, umewekwa kwa kuangalia kinachowezekana kitaalamu, maana shirika hilo hilo linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa hakina madhara. Kwa upande mwingine, kisima chenye mikrogramu 20 kinahitaji kuondolewa nusu tu kufika kwenye mwongozo. Asilimia, ikisimama peke yake, haimwambii mnywaji chochote. Ulizeni kilichobaki kwenye glasi ni mikrogramu ngapi. Kwa risasi na aseniki namba ya kulinganisha ni 10, kwa kadimiamu ni 3, kwa zebaki isiyo ya kikaboni ni 6.

Jambo la pili ni gumu zaidi, nami nitakaa nalo kidogo. Maji ya kweli hayabebi metali moja. Maji ya kisima ya kawaida kabisa huweza kuwa na miligramu 40 za kalsiamu kwa lita. Yakiwa na mikrogramu 20 za risasi, basi kwa kila ioni moja ya risasi kuna takribani ioni 10,000 za kalsiamu, nazo zina chaji ile ile, zinagombea nafasi zile zile kwenye utando. Kikundi cha kaboksili kinaipenda risasi kuliko kalsiamu, ni kweli, lakini si kwa kiasi cha kutojali umati wa 10,000. Ongezeni magnesiamu na chuma. Ongezeni asidi za humiki zinazotokana na majani yaliyooza, ambazo huikumbatia metali na kuipitisha mbele ya utando bila kunaswa, kisha nyingine hujitandaza juu ya utando na kuziba vitundu. Ongezeni bakteria wanaojenga ute wao hapo. Utando uliodumu saa sita kwenye bika haujawahi kukutana na hata kimoja kati ya hivi. Nimeshasoma ripoti za zabuni zenye kurasa nyingi ambamo neno kalsiamu halikutokea hata mara moja. Ripoti ya namna hiyo irudishwe kwa aliyeileta.

Halafu metali zenyewe hazifanani. Risasi na kadimiamu huwa na chaji chanya kwenye maji, hivyo utando wa nanofiltresheni (unaobana kuliko wa ultrafiltresheni lakini si kama wa osmosisi kinyume) uliopewa chaji chanya huzisukuma mbali, kwa kanuni aliyoieleza mkemia Frederick Donnan mwaka 1911. Lakini kromiamu ya hali ya sita (namba ya hali huhesabu elektroni ambazo atomi imezitoa kwa wenzake) husafiri ndani ya ioni yenye chaji hasi, na aseniki ya hali ya tano vilevile. Utando uliotengenezwa kwa ajili ya kundi la kwanza si lazima ulifae la pili. Aseniki ya hali ya tatu ndiyo inayosumbua kupita zote: kwenye maji ya kawaida haina chaji kabisa, ni molekuli ndogo isiyosukumwa na chaji yoyote, na hupenya hata pale ambapo mwenzake wa hali ya tano amezuiwa. Dawa yake ni kuibadilisha kwanza iwe ya hali ya tano, kwa klorini kwa mfano. Sasa, klorini hiyo hiyo hukatakata poliamidi. Mtambo ulioongezewa klorini bila kuiondoa tena kabla ya maji kugusa utando utakuwa umeharibu utando wake wenyewe, polepole, bila kelele. Mambo haya yanajulikana na yana utatuzi. Yanashindikana tu pale mnunuzi anapoagiza utando wa metali nzito kana kwamba metali nzito ni kitu kimoja, bila kwanza kulipia uchunguzi wa maji yake.

Bangladesh inapaswa kutukumbusha. Kuanzia miaka ya 1970 visima vya bomba vilichimbwa kwa wingi kule ili watu waepuke maji ya juu ya ardhi yaliyojaa vijidudu. Nia ilikuwa njema na vijidudu vikaepukwa. Hakuna aliyepima aseniki. Ilipogunduliwa, mwaka 1993, mamilioni walikuwa wameshainywa kwa miaka mingi. Aseniki haina rangi wala harufu, na kuchemsha maji hakuiondoi. Hakuondoi metali yoyote kati ya hizi nilizozitaja. Maji yanapopungua kwa mvuke, kinachobaki sufuriani kinazidi ukali. Mwananchi hana njia ya kujua. Anawategemea ninyi kwa asilimia zote.

Narudi kwenye utando uliojaa. Watengenezaji husema unaweza kuoshwa na kutumika tena, na mara nyingi ni kweli. Utando wa kunasa metali huoshwa kwa asidi, au kwa kemikali kama EDTA inayoing'oa metali ilipojishika. Lakini chukueni kitosani, polima inayotengenezwa kutokana na magamba ya kamba na kaa, inayosifiwa sana kwa bei na kwa wingi wa amini zake. Kitosani huyeyuka kwenye asidi. Usipofunga nyuzi zake kwa kemia ya ziada, unapouosha utando unauyeyusha, na ukizifunga, umetumia baadhi ya zile amini ulizozitaka zinase metali. Kwa hiyo ulizeni: baada ya kuoshwa mara 20 au 50 unanasa kiasi gani? Jedwali la kuoshwa mara tano halitoshi kwa mtambo unaotakiwa kuishi miaka. Ulizeni pia kama chembe zilizochanganywa ndani ya utando, za fedha au za oksidi yoyote, zinatoka na maji baada ya miezi kadhaa. Tusiondoe sumu moja huku tukitia kitu kingine ambacho hakuna anayekipima.

Na maji yaliyoosha utando? Hapa ndipo nawasihi msimame kidogo. Risasi ni elementi. Hakuna utando unaoiangamiza, hakuna bakteria anayeila ikaisha. Mtambo wa nanofiltresheni unaotoa robo tatu ya maji yakiwa safi unabakiza robo moja iliyobeba karibu metali yote, yaani maji yenye ukali unaokaribia mara nne ya yalivyoingia. Asidi iliyooshea utando wa kunasa huwa kali zaidi ya hapo. Nimeona michoro ya mitambo ambamo bomba la maji hayo linaishia kwenye ukingo wa karatasi. Kwenye ukingo wa karatasi kuna mto, na kwenye mto kuna watu. Minamata, Japani, ilitambuliwa rasmi mwaka 1956 kuwa na ugonjwa wa ajabu, na chanzo chake kilikuwa zebaki ya kikaboni iliyotoka na maji taka ya kiwanda cha Chisso ikaingia baharini, ikaingia kwenye samaki, ikawafikia waliokula samaki. Serikali ilikiri chanzo hicho mwaka 1968, miaka 12 baadaye. Kwenye bonde la mto Jinzu, nchini humo humo, kadimiamu ya mgodi ilipitia kwenye maji ya kumwagilia mpunga ikalainisha mifupa ya watu mpaka wakaupa ugonjwa jina la kilio cha maumivu, itai-itai. Mkataba wowote wa utando usioonyesha metali inaishia wapi, kwa jina la mahali na kwa jina la anayewajibika, haujakamilika.

Lipo jambo ambalo wauzaji wa mitambo mikubwa hawalitaji, na sidhani kwamba wanalificha kwa makusudi: utando wa kwenye mtambo hauwezi kuondoa risasi inayoingia baada ya mtambo. Mji wa Flint, Marekani, ulipobadilisha chanzo cha maji mwezi wa Aprili 2014 bila kutia dawa ya kuzuia kutu, maji yaliilamba risasi ya mabomba yakaipeleka majumbani. Penye mabomba ya risasi, kinachotakiwa kwanza ni kuyang'oa. Wakati yanasubiri kung'olewa, kichujio kiwe kwenye bomba la mnywaji, na kiwe cha aina iliyopimwa kwa haki. Kiwango cha Marekani cha vichujio vya maji ya kunywa, kinachoitwa NSF/ANSI 53, kinaonyesha kwamba kupima kwa haki kunawezekana: kichujio hupewa maji yenye risasi mikrogramu 150 kwa lita, kwa pH (kipimo cha uasidi) ya 6.5 na tena ya 8.5, na kile kisicho na taa au alama ya kuonyesha kimechoka hupimwa mpaka maradufu ya ujazo ambao mtengenezaji amedai. Maradufu. Angalau hapo ipo nafasi ya mwanadamu kusahau kubadilisha kichujio kwa wakati. Kama jambo hilo linafanywa kwa kichujio cha jikoni, kwa nini mtambo unaohudumia mji mzima upokelewe kwa sampuli ya siku ya uzinduzi?

Kwa ninyi mnaogawa fedha za utafiti nina neno la pembeni. Tando mpya zinapata fedha. Kupima tando za mwaka juzi kwenye maji machafu ya kweli kwa miezi 18 hakupati. Kijana anayefanya kazi hiyo hana jarida linalomgombania, na aghalabu matokeo yake ni kwamba utando ulishindwa. Lakini taarifa hiyo ya kushindwa ndiyo ambayo ingeiokoa ile shule. Tengeni sehemu ya kila ruzuku kwa ajili ya majaribio ya muda mrefu kwenye vyanzo halisi, na mchapishe yaliyoshindwa sawasawa na yaliyofaulu. Mficha maradhi kifo humuumbua, na katika maji anayeumbuliwa mara nyingi ni mtu mwingine kabisa, ambaye hakuficha chochote.

Na kwa ninyi mnaosimamia mitambo inayofanya kazi sasa hivi: msisubiri mikataba mipya. Pimeni kinachoingia na kinachotoka, kila mwezi, na kila maji ya chanzo yanapobadilika baada ya mvua kubwa au ukame. Vipimo viwili kwa pamoja, si kimoja. Kipimo cha maji yanayotoka peke yake kinaonyesha hali ya leo. Ukikiweka kando ya kile cha yanayoingia, pengo kati yao likianza kupungua, unajua utando unakaribia kujaa wiki kadhaa kabla haujaanza kurudisha. Gharama ya vipimo hivyo ni ndogo ukiilinganisha na ya utando, nami niko tayari kukaa na mafundi wenu kuwaonyesha jinsi ya kuchukua sampuli bila kuiharibu.

Yule mwalimu alivifungua vichujio siku niliyompa majibu. Kisha akaniuliza avipeleke wapi, kwa kuwa nilikuwa nimeshamweleza kilichomo ndani na hakutaka kuvitupa jalalani penye mvua. Niliuliza ofisi iliyovileta, nikauliza na iliyovikagua, kila moja ikanielekeza kwa mwenzake. Bado viko kwenye stoo ya shule, ndani ya ndoo yenye mfuniko, na juu yake ameandika kwa kalamu ya wino mweusi: USIGUSE. Naomba jibu lake, nimpelekee.

Wenu katika kazi,

Mkemia wa maabara ya maji